Bastola ya Mjomba Italala Wapi?

Mjomba wangu ana duka la vifaa vya ujenzi Masasi. Fedha za minada ya korosho zikianza kuingia kwenye akaunti za wakulima, kuanzia Oktoba kwenda mbele, watu wanaezeka. Mabati yanaisha, saruji inaisha, misumari inaisha, naye anafunga safari ya Kariakoo mara mbili, hata tatu kwa mwezi. Mwaka jana alinipigia simu mapema, mikorosho haijamaliza kutoa maua. Baada ya shikamoo na marahaba na habari za watoto, akaingia kwenye lake.

"Njomba, wewe unasomasoma. Nichukue bastola gani?"

Nikamuuliza italala wapi. Akanyamaza kidogo, kisha akacheka akidhani namtania.

Sikuwa namtania. Vijana wa mjini wanaongelea bastola kama wanavyoongelea simu: toleo gani, inabeba ngapi, fulani anayo. Msafiri ana hesabu nyingine. Mjomba anatoka Masasi alfajiri, anapita Ndanda, anakunja Mingoyo, anaipita Lindi, anakula Nangurukuru, anavuka Rufiji kwenye Daraja la Mkapa na kuingia Dar es Salaam jua likishuka. Hata awe na mkosi kuliko wasafiri wote wa Kusini, ndani ya saa zote hizo bastola ataihitaji kwa sekunde chache. Muda uliobaki ni chuma chenye risasi kinachotafuta pa kukaa. Kitakaa kiunoni akiwa ameketi saa tano mfululizo? Kitakaa wapi akiingia msikitini? Akishuka kujisaidia? Akilala gesti? Mtu anayechagua bastola kwa ajili ya zile sekunde chache na kusahau saa zilizobaki, anachagua kitu ambacho kitamwumbua kabla hakijamsaidia.

Niliwahi kuona kwa macho. Miaka kadhaa nyuma nililala gesti moja Lindi mjini, ya kawaida tu, vyumba vinane na feni zinazopiga kelele. Chumba cha pili yangu alilala mfanyabiashara wa ng'ombe aliyeondoka na basi la alfajiri. Saa mbili asubuhi nipo barazani na chai yangu, nikasikia kitu kizito kimedondoka kwenye sakafu, halafu dada wa usafi akatoka mbio mikono kichwani. Alikuwa amekung'uta shuka. Bastola ilikuwa chini ya mto.

Meneja akaja, mlinzi akaja, na dereva wa bodaboda aliyekuwa anasubiri mteja akaja pia, maana jambo kama hilo halimpiti mtu. Wote wanne tukasimama mlangoni tukiitazama. Ilikuwa imelala ubavu, mtutu umeelekea kitandani. Hakuna aliyejua kama ina risasi. Meneja alitaka aiokote aiweke kwenye droo ya mapokezi "mwenyewe akirudi aikute". Mlinzi, mzee aliyepita mgambo, ndiye aliyetuokoa. Alisema neno moja, "Acheni," akafunga mlango kwa funguo, akasema polisi waitwe. Mwenyewe alikumbuka akiwa Nangurukuru, akapiga simu anafoka kana kwamba gesti imemwibia. Alirudi alasiri kwa gari la kukodi, akapitiliza moja kwa moja kituoni kuandika maelezo. Nilisikia baadaye kwamba silaha na kitabu chake cha leseni vilibaki huko kwa muda mrefu.

Yule bwana hakuwa jambazi wala mlevi. Alikuwa na leseni halali. Alichokosa ni kisanduku cha chuma chenye kufuli na mnyororo wa kukifunga kwenye chaga ya kitanda, kitu ambacho fundi wa kuchomelea anakitengeneza kwa nusu siku. Ndiyo maana mjomba nilimwuliza italala wapi.

Kuhusu leseni yenyewe nitasema machache, kwa sababu mambo yake yapo wazi kuliko watu wanavyodhani. Sheria inayotawala ni ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyofuta ile ya 1991. Mwombaji awe ametimiza miaka 25, awe na akili timamu, aeleze kwa nini anaitaka silaha, na athibitishe kuwa anajua kuishika. Maombi yanapanda kutoka chini: serikali ya kijiji au mtaa, kamati za ulinzi na usalama, polisi wilaya, polisi mkoa, mpaka kwa msajili wa silaha. Watu wengi wanaiona ile ngazi ya mtendaji na wazee wa mtaa kuwa usumbufu. Mimi naona ndiyo yenye akili kuliko zote. Polisi makao makuu watapekua rekodi yako, lakini jirani yako ndiye anayejua kwamba ukinywa unarusha viti, au kwamba mkeo alikimbilia kwao mara mbili mwaka huu.

Ila kuna jambo moja Kusini tunalichezea sana: leseni ni ya mtu. Si ya duka, si ya gari, si ya ukoo. Msimu wa korosho utakuta tajiri amemkabidhi dereva bastola, "kaa nayo, mzigo ni mkubwa." Tajiri yupo Mtwara amelala, dereva yupo njiani na silaha isiyo yake. Huyo dereva anayo silaha bila leseni, basi, na kosa hilo limewekwa kwenye kundi la uhujumu uchumi ambako kifungo kinachotajwa ni miaka 20 hadi 30. Mshahara wake hauendani na hatari hiyo hata kidogo. Na sisi watu wa ukoo wa mama tuna mtego wetu. Mimi kwa mila naweza kurithi mikorosho ya mjomba, tena bila ugomvi mkubwa. Bastola yake siirithi. Siku akifa, inapelekwa polisi kwanza, na mimi nikiitaka nianze kwa mtendaji kama mtu mwingine yeyote.

Sasa kuchagua.

Mjomba alikuwa ameshatajiwa majina na rafiki zake wa Kariakoo. Glock, bila shaka, maana kila mtu anaitaja. Ni bastola nzuri. Jeshi la Austria liliichukua ile Glock 17 mwaka 1982, inabeba risasi 17, ni nyepesi, inavumilia vumbi. Lakini kuna kitu ambacho wanaoisifia dukani hawakisemi kwa sauti: haina kile kitufe cha usalama cha kubana kwa kidole gumba. Vizuizi vyake vipo ndani, na cha nje ni ule ulimi mdogo kwenye kifyatulio chenyewe. Kwa hiyo chochote kitakachokivuta kifyatulio, kiwe kidole, kamba ya suruali au bonge la funguo, risasi inatoka. Polisi aliyefundishwa, mwenye ala ngumu inayofunika kifyatulio chote, hana tatizo nayo. Mtu anayeichomeka kiunoni kavukavu chini ya shati, kama tunavyoona kwenye sinema, anaiweka sehemu ambayo risasi ikitoka hataweza kumsimulia mkewe vizuri.

Kuna Browning za zamani, zile za mwaka 1935 zinazobeba risasi 13, na Makarov za Kirusi zenye risasi 8. Hapa pana kosa ambalo nimelisikia kwa watu wazima: "zote ni milimita tisa." Ni kweli zinaitwa hivyo, lakini risasi ya Makarov ni fupi kuliko ile ya Luger ambayo Glock na Browning zinakula, na haziingiliani. Anayenunua risasi kwa kutaja "za tisa" tu anaweza kurudi Masasi na boksi la vyuma visivyo na kazi.

Mimi nilimwambia mjomba afikirie bastola ya kuzunguka, yaani rivolva, ile yenye matundu matano au sita ya risasi. Najua wataalamu watanicheka. Inabeba risasi chache na kuipakia upya ni taratibu. Lakini nilikuwa namwangalia mtu, sikuwa naangalia karatasi ya kiwanda. Mjomba ana miaka 58. Atafanya mazoezi mara mbili kwa mwaka, akijitahidi. Bastola ya kuzunguka anaifungua, anatazama, anajua: imejaa au tupu. Ile ya magazini unaweza kuichomoa magazini ukaamini imeisha, kumbe moja imebaki ndani ya chemba, pale nyuma ya mtutu, na ajali nyingi za nyumbani zinaanzia hapo. Tena kifyatulio cha kuzunguka ni kizito, kinataka mvuto wa karibu kilo tano kama hukuinua nyundo kwanza. Kinamchosha mlengaji, sawa, lakini hakivutwi na kamba ya suruali.

Uzito nao si jambo dogo kwa mtu wa pwani. Glock 19, ambayo ni fupi kidogo, ikiwa tupu ina gramu 600 hivi na ikijaa inakaribia 850. Weka karibu kilo nzima kwenye mkanda, vaa shati jepesi la joto la Novemba, panda gari, shuka gari, inama kutazama tairi. Ikifika saa nane mchana Somanga unajikuta unaishikashika kila dakika mbili, na mwizi yeyote anayejua kazi yake anasoma mkono huo kabla hajasoma uso. Jasho linaingia kwenye chuma. Ukilala Mikindani siku mbili, upepo wa chumvi unaanza kuweka madoa mekundu kwenye bastola isiyopakwa mafuta. Kuna watu wanatunza kitabu cha leseni kwenye plastiki na bastola yenyewe wanaiacha ioze.

Na choo. Nisamehewe, lakini hili lazima lisemwe, maana msafiri hawezi kulikwepa. Vyoo vya njiani huku kwetu ni vya kuchuchumaa. Mkanda unalegea, suruali inashuka, na bastola iliyokuwa kiunoni inaning'inia juu ya shimo. Ukiitundika kwenye msumari wa mlango utaisahau. Ukiiweka chini imelowa. Ijumaa ikikukuta Lindi na unataka kuswali ni vilevile: unainama kutawadha, mikono umekunja, shati limepanda, na safu nzima ya nyuma imeona. Nilimwuliza mjomba atafanyaje hapo. "Nitaiacha kwenye gari." Kwenye gari, wapi? "Chini ya siti." Chini ya siti ndiko mwizi wa redio anakoanza kupapasa.

Wapo wenye hoja kwamba yote haya ni vijimambo, na kwamba siku ya jambazi utaishukuru bastola. Naiheshimu hoja hiyo. Barabara ya Kusini ina kumbukumbu mbaya, na si hadithi za kutunga. Ila tuitazame siku hiyo yenyewe.

Mwaka 1983 polisi mmoja wa Salt Lake City, Marekani, Dennis Tueller, alipima kitu rahisi: mtu mwenye kisu anahitaji muda gani kumfikia mtu aliye umbali wa futi 21, kama mita sita na nusu. Jibu lilikuwa sekunde moja na nusu. Muda huohuo ndio polisi aliyezoea anautumia kuchomoa na kupiga risasi ya kwanza. Toka hapo mlangoni kwako uhesabu hatua nane. Hapo ndipo mwenye panga anapokuwa sawa na wewe, na hiyo ni kama umeshamwona, umeshaamua, na bastola iko mahali ambapo mkono unapajua. Jambazi wa njiani hatangazi. Anasimama kama mtu mwenye gari bovu anayeomba jeki.

Hata ukiwahi kuchomoa, kupiga ni kazi nyingine. RAND, taasisi ya utafiti ya Marekani, ilipochambua matukio ya polisi wa New York kati ya 1998 na 2006, ilikuta kwamba polisi wakirushiana risasi na mtu, zilizompata mlengwa zilikuwa asilimia 18. Pale ambapo mtu hakuwa anawarudishia, ilikuwa asilimia 30. Hao ni watu wanaolipwa kufanya mazoezi. Nyingine zote zilienda mahali. New York zilienda kwenye kuta na magari. Stendi ya Masasi zitaenda kwa mama anayeuza maandazi.

Halafu kuna Ikwiriri na Kibiti. Januari 2015 kituo cha polisi Ikwiriri kilivamiwa, askari wawili wakauawa na silaha zikabebwa. Aprili 2017, kijiji cha Mkengeni huko Kibiti, askari wanane waliokuwa kwenye gari wakitoka lindo waliviziwa na kuuawa, na bunduki zao zikachukuliwa. Sehemu zote mbili zipo kwenye barabara hiihii ambayo mjomba anapita. Wale askari walikuwa na mafunzo, walikuwa wengi, walikuwa na bunduki ndefu. Sitaki kutumia vifo vya watu kushinda mabishano, lakini haiwezekani kuongelea silaha njia ya Kusini ukaruka jambo hili: waliovamia walikuwa wanatafuta silaha zenyewe. Mfanyabiashara anayejulikana ana bastola anaongeza kitu kimoja kwenye orodha ya vitu vya kuibiwa. Kwa hiyo sharti langu la kwanza kwa mjomba, akiipata, ni kwamba asiwepo mtu wa kujua. Sio kinyozi, sio vijana wa duka, sio shemeji. Anayeipandisha kaunta ya baa ili apate heshima amejitangazia tenda.

Mtu pekee wa kuambiwa, na kuambiwa mapema, ni askari wa kizuizini. Gari likisimamishwa, mikono ibaki juu ya usukani, kioo kishuke, salamu kwanza: "Habari za kazi, afande. Nina bastola ya leseni, ipo kiunoni kulia, kitabu kipo kwenye mkoba huu. Unaelekezaje?" Halafu usiguse chochote mpaka aseme. Nimemfanyisha mjomba mazoezi ya maneno hayo kwenye simu kama mtoto wa madrasa. Alikuwa anaanza na kitabu, anapeleka mkono kiunoni kukitoa, maana ndiko alikopanga kukiweka, ubavuni mwa bastola. Kwa askari aliyesimama usiku barabarani, mkono unaokwenda kiunoni una maana moja.

Na kutumia? Kanuni ya Adhabu inampa kila mtu haki ya kujitetea yeye, mwenziwe na mali yake. Neno linalobeba mzigo wote ni nguvu ya kiasi kinachostahili. Kuua kunakubalika pale ambapo mtu kwa nia njema anaogopa kifo au madhara makubwa ya mwili, na mambo machache mengine ya uzito huo. Aliyekwapua begi na sasa anakimbia amekupa mgongo, hofu hiyo imekimbia naye. Ukimpiga risasi hapo umebadilisha nafasi naye mbele ya hakimu. Kurusha hewani nako watu wanakuona ni ustaarabu, wanafanya hata harusini. Risasi iliyopanda inashuka, na chini kuna paa la mtu.

Wanaotazama video za Wamarekani wanapata picha nyingine ya mambo haya, na sehemu yake ni kweli. Kufikia 2024 majimbo 29 ya Marekani yalikuwa yanaruhusu mtu mzima asiye na zuio kubeba bastola bila kibali. Lakini hata huko msafiri ana kazi. Kibali cha jimbo moja kinaweza kuwa karatasi tupu katika jimbo la pili, na sheria ya shirikisho ya 1986 inayomlinda anayepita njiani inamtaka silaha iwe haina risasi na isifikike kutoka pale alipoketi. Yaani hata Marekani, mpita njia halali kwa kinga hiyo ni yule ambaye bastola yake imelala kwenye sanduku.

Kwetu mpaka na Msumbiji ni mto Ruvuma. Daraja la Umoja pale Mtambaswala, lililofunguliwa 2010, lina urefu wa mita 720, na leseni ya Tanzania haifiki ng'ambo yake. Nina rafiki wa Nanyumbu anayevuka kununua bidhaa, aliyedhani angemalizana na walinzi wa upande wa pili kwa maneno. Nilimkumbusha kwamba Cabo Delgado ina vita tangu Oktoba 2017, na kwamba Oktoba 2020 washambuliaji waliuvuka Ruvuma wakaingia mpaka Kitaya, huku kwetu Mtwara, wakaua watu na kuchoma nyumba. Mgeni mwenye bastola kwenye ukanda ule hachukuliwi kama mfanyabiashara mwenye tahadhari. Ndege ni rahisi kuliko mpaka, kwa ajabu: unatangaza mapema, shirika likubali, bastola iwe tupu ndani ya begi la mizigo, risasi zifungwe pembeni na zisizidi kilo tano. Mjomba alipanda ndege mara moja, akasema hapandi tena.

Basi je? Hapana. Hapo sina ubishi wowote. Basi ni watu sitini waliobanana, mtoto wa jirani kichwa chake kipo kwenye nyonga yako, usingizi unakupitia ukiwa Mchinga, na begi lako liko juu kwenye rafu na la mwenzako linafanana nalo. Tangu serikali iruhusu tena mabasi kusafiri usiku mwaka 2023, jirani huyo anasinzia zaidi na wewe pia. Sijaona njia yoyote ya kukaa na bastola kwenye basi la abiria ambayo ni salama kwa waliomo. Mwenye kusafiri kwa basi aiache nyumbani kwenye sanduku lake.

Tulizungumza karibu saa nzima, vocha yake ikaisha, nikampigia mimi. Mwishoni nikamuuliza swali ambalo ningelianza nalo kama ningekuwa na busara zaidi: kwa nini anabeba fedha taslimu? Mfumo wa stakabadhi ghalani, ule wa kuweka mazao ghalani yakauzwa mnadani, uliingia kwenye korosho mwaka 2007, na leo mkulima wa Tandahimba, mwenye ekari mbili na baiskeli, analipwa kupitia benki. Anayezunguka vijijini na fungu la noti msimu huu ni kangomba, mlanguzi wa korosho, na huyo hana barua ya mtendaji atakayoipata. Yeye mfanyabiashara mwenye leseni ya biashara na mashine ya risiti anapakia milioni kwenye mfuko wa rambo chini ya siti, kwa nini?

Akajibu kwa unyonge kidogo. Mwenye mabati wa Kariakoo anamshushia bei akilipa mkononi. Tukakokotoa. Punguzo analopata kwa safari, ukiliweka mbele ya bei ya bastola, risasi, sanduku, nauli za kufuatilia kibali na siku za duka kufungwa, linachukua misimu mitatu kurudisha. Na hapo hatujaweka roho ya mtu kwenye hesabu, ya kwake au ya yule atakayempiga. "Wewe njomba una maneno," akasema. Hakusema ameacha.

Mwezi uliofuata nilikwenda Masasi kwa msiba. Nilimkuta mjomba nyuma ya duka na fundi wa kuchomelea, wanabishana juu ya kipande cha bati nene. Sanduku lilikuwa karibu kwisha, lina bawaba na sehemu ya kupitisha mnyororo, limepakwa rangi ya kijivu. Fundi alitaka kujua ndani aweke nafasi ya sentimita ngapi.

"Niletee hicho kitu nikipime, mzee."

Mjomba akanitazama mimi, kisha akamtazama fundi.

"Pima daftari la mauzo," akasema. "Hicho kingine bado kipo kwa mtendaji."

Barua ilikuwa na wiki tano. Juzi nimemuuliza, akasema daftari linaenea vizuri, na kadi ya benki inakaa juu yake.